RIWAYA ZENYE TUNASOMA MWAKA HUU: SOMO KWA WANAFUNZI WOTE



Wengi wenu mumeuliza wanafunzi wa mwaka wa sita wanafanya nini kila siku ya posho, saa tisa, ndani ya darasa lao, na makelele yote yale. Jibu ni hili: tunasoma riwaya, tena tunabishana. Riwaya ni neno la Kiswahili safi kwa vitabu ambavyo katika kipindi cha Kifaransa tunaviita roman. Tuko na nakala moja tu ya kila kitabu, na zingine zimepoteza ganda. Basi mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, na mwisho wa sura kila mtu anasema neno lake. Tumeona vema kuwaandikia yale tuliyoyapata humo, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ninyi wa madarasa ya chini mutasoma vitabu hivi baadaye. Ya pili, kuko maneno yenye kusemwa sasa katika shule, kwamba vitabu vingine vya riwaya viondolewe katika maktaba yetu. Neno hilo tutalijibu kwa heshima, lakini tutalijibu.

1. JE, RIWAYA NI UONGO?

Wazee wengine wanasema riwaya ni uongo mtupu, sababu watu wanaotajwa ndani hawakuishi. Hakuna kaburi la Okonkwo, wala la Toundi. Hiyo ni kweli. Lakini mwenye kusema uongo ni mtu anayetaka kukudanganya. Mwandishi wa riwaya hakudanganyi, anakuambia tangu ganda la kitabu kwamba hii ni hadisi.

Tukumbuke nabii Natani. Mfalme Daudi alikuwa amemnyanganya Uria mke wake, tena akamuuisha katika vita. Natani hakuanza na makaripio. Alimwelezea mfalme habari ya tajiri mmoja mwenye kondoo wengi, aliyemnyanganya maskini kondoo yake moja. Kondoo ile haikuwa katika zizi lolote la Israeli. Hata vile Daudi akawaka hasira na kumhukumu yule tajiri, kisha akajua kumbe amejihukumu mwenyewe. Musome 2 Samweli sura ya 12. Kama Natani angesema wazi tangu neno la kwanza, labda mfalme angekasirika naye na kumfukuza.

Kwa hiyo tunaposoma riwaya, ulizo si kama mambo hayo yalitukia kweli. Ulizo ni hili: tunamhukumu nani tunaposoma, na hukumu hiyo inatuangukia sisi pahali gani?

2. OKONKWO, MWANAUME ALIYEOGOPA

Kitabu cha kwanza ni cha Chinua Achebe, mtu wa Nijeria, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufa mwaka 2013. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1958. Sisi tunakisoma kwa Kifaransa, Le monde s'effondre, tafsiri ya mwaka 1966. Kuna pia tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1973, inaitwa Shujaa Okonkwo.

Okonkwo ni mtu wa kijiji cha Umuofia katika kabila la Igbo. Alipokuwa na miaka 18, umri wa wengi wetu wa mwaka wa sita, alimwangusha katika mieleka mtu aliyeitwa Amalinze Paka, ambaye alikuwa ametimiza miaka saba bila kushindwa. Baba yake, Unoka, alipenda kupiga filimbi na kunywa, akafa na madeni mengi. Mtoto akaapa moyoni kwamba hatafanana naye hata kidogo. Akalima viazi vikuu, akajenga, akaoa wake watatu, akapata jina.

Wavulana wa darasa letu walimpenda sana Okonkwo katika sura za kwanza. Wakasema, «Huyu ndiye mwanaume.» Halafu tukafika kwa Ikemefuna. Ikemefuna ni kijana aliyetolewa na kijiji kingine kama malipo ya mwanamke wa Umuofia aliyeuawa. Alikaa kwa Okonkwo miaka mitatu, akamwita baba, akakuwa kama kaka ya Nwoye, mtoto wa kwanza wa Okonkwo. Siku moja mizimu ikasema kijana auawe. Mzee Ezeudu akamwonya Okonkwo asitie mkono wake katika jambo hilo, maana kijana anamwita baba. Lakini Okonkwo akaenda pamoja na wengine. Kijana alipopigwa panga la kwanza akamkimbilia yeye, na yeye akampiga la mwisho. Aliogopa kuonekana zaifu.

Siku hiyo hakukuwa makelele katika darasa. Tulikaa kimya hata kengele ya kazi za mikono ikalia.

Ulizo tulilobishana nalo ni hili: je, Okonkwo alikuwa na nguvu? Mmoja wetu akajibu kwamba nguvu alikuwa nazo katika mikono, lakini moyo wake ulikuwa mtumwa wa woga. Hakuogopa vita. Aliogopa neno moja tu, kuitwa mwanamke. Katika kitabu tunasoma kwamba kwa lugha ya Igbo neno agbala ni jina la mwanamke, na pia la mwanaume asiye na cheo, na Okonkwo tangu utoto alisikia wenzake wakimwita baba yake hivyo. Ndugu zetu wavulana wa internat, tusiseme mambo hayo ni ya Nijeria. Mvulana akipata barua ya kifo nyumbani akalia usiku, ni nani anayemwita mwanamke? Mvulana akikataa kuwapiga wadogo wa mwaka wa kwanza, anaitwa jina gani? Tunamlaumu Okonkwo kwa panga, na sisi tuko na maneno yaleyale yaliyolinoa panga lake.

Jambo la pili ni Nwoye. Aliingia katika Kanisa la misioni, akamwacha baba yake. Sisi watoto wa misioni tulifurahi tuliposoma hayo, lakini mwandishi hakutuacha tufurahi haraka. Anaonyesha kwamba Nwoye hakuvutwa na mafundisho ya Utatu, maana hakuyafahamu. Alivutwa na wimbo. Wimbo ule ulijibu maulizo mawili yaliyokuwa yakimsumbua: kilio cha watoto mapacha walioachwa porini, na Ikemefuna aliyeuawa. Misioni iliwapokea pia osu, ni kusema watu waliotengwa, ambao hakuna mtu huru aliyekubali kuoana nao. Mambo haya ni kweli, Kanisa lilikuwa pahali pa kukimbilia. Lakini baba na mtoto hawakuonana tena kama baba na mtoto. Kitabu kinaweka mambo yote mawili mbele yetu, kisha kinanyamaza.

Tena kinatuonyesha wamisionari wawili. Bwana Brown alikaa chini na mzee Akunna wakazungumza juu ya Mungu, kila mmoja akimsikiliza mwenzake, akajenga shule na nyumba ndogo ya waganga. Bwana Smith alikuja nyuma yake, naye aliona watu wa aina mbili tu, weupe na weusi, wa nuru na wa giza. Siku zake kanisa likachomwa moto. Wanaosema Achebe ni adui wa misioni wakumbuke kwamba baba yake mwenyewe alikuwa mwalimu wa misioni ya Kianglikana, ya Waprotestanti kama sisi. Anaandika kama mtoto wa nyumbani anayejua pahali nyumba inavuja.

Mwisho Okonkwo anajinyonga, na Komisera, muzungu mkubwa wa wilaya, anafikiri kwamba habari ya mtu huyo itaweza kujaza aya moja nzuri katika kitabu anachotaka kuandika. Achebe ametumia sura 25 kumwelezea mtu huyo, muzungu anaona aya moja inatosha! Tulicheka kwanza, halafu hatukucheka tena. Babu zetu waliojenga barabara hii ya kwenda mjini, waliobeba mizigo, waliofungua shule za kwanza za nyasi, habari zao zimeandikwa wapi? Kwa wengi hakuna hata aya moja.

3. TOUNDI, BOYI MWENYE KUONA MENGI

Kitabu cha pili ndicho chenye kuleta maneno. Ni Une vie de boy cha Ferdinand Oyono wa Kameruni, kilichotoka mwaka 1956. Oyono baadaye alikuwa balozi na waziri katika inchi yake, akafa mwaka 2010. Sisi watu wa Kongo hatuna haja ya kutafsiri kichwa cha kitabu, neno boyi tuko nalo katika Kiswahili chetu, na wengi kati yetu tuko na babu aliyefanya kazi ile.

Toundi ni kijana aliyemkimbia baba yake baada ya kupigwa juu ya ugomvi wa vipande vya sukari, vile Padri Gilbert alivyokuwa akiwatupia watoto. Akaingia misioni ya Dangan. Padri akamfundisha kusoma na kuandika, akawaonyesha wageni kijana huyu kama kazi nzuri ya mikono yake. Mshahara hakupata, alipata shati kukuu ao suruali ya zamani. Kwa kuwa Padri aliandika mambo yake ya kila siku katika kaye, Toundi akaanza kuandika vilevile, na riwaya yote ni kaye mbili hizo. Padri anapokufa katika ajali, Toundi anakuwa boyi wa Komanda. Humo nyumbani anaona mambo ambayo boyi hapaswi kuona, zaidi sana mke wa Komanda na mkubwa wa gereza. Wazungu wanajua kwamba anajua, na hawamsamehe. Anasingiziwa wizi, anapigwa, anatoroka, anafia katika Guinea ya Waspania.

Kuko wenzetu, na labda walimu wawili ao watatu, wanaosema kitabu hiki kiondolewe. Wanatoa sababu mbili: kina mambo ya uzinzi, tena kinazarau kanisa. Tunaheshimu sababu zao. Juu ya ile ya kwanza tunakubali kwamba kitabu hiki si cha watoto wa mwaka wa kwanza na wa pili. Waweza kukiweka katika kabati ya mwaka wa tano na wa sita. Kukiondoa kabisa, hapana.

Juu ya sababu ya pili, tuangalie vizuri kile ambacho Toundi anaandika. Anaandika kwamba katika kanisa la Dangan wazungu wanakaa karibu na mazabahu, kwenye viti vizuri vyenye mito laini. Weusi wanakaa nyuma, juu ya magogo ya miti, na wakatekista wanawasimamia tayari kumpiga mwenye kutosikiliza. Je, hapo ni Oyono anayezarau kanisa? Ao ni wale waliopanga viti? Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya barua yake, amekwisha kusema juu ya mtu anayemkalisha tajiri pahali pazuri na maskini pabaya. Hakuna anayetaka barua ya Yakobo iondolewe. Na msifikiri kwamba Oyono anasema juu ya Wakatoliki tu, sisi hatumo. Siku ya sikukuu, katika makanisa yetu, viti vya mbele ni vya nani? Musijibu haraka.

Mabishano makubwa kati yetu yalikuwa juu ya Toundi mwenyewe. Kalisia, mwanamke aliyekuja kufanya kazi nyumbani mwa Komanda, alimwambia wazi akimbie mapema, maana wakubwa hawamvumilii mtu anayejua siri zao. Juu ya nini Toundi hakukimbia? Wengine wakasema ni ujinga. Wengine wakasema ni kiburi, alifurahi kuitwa boyi wa Komanda, mbwa wa mfalme kuwa mfalme wa mbwa. Mmoja wetu, ambaye kwao ni watu wa kazi ya mashamba ya wakubwa, akasema neno ambalo sisi wote tulikubali: «Munauliza juu ya nini hakukimbia. Muulize kwanza, angekimbilia wapi?» Kwa baba yake alikuwa amekata njia, na baba alikuwa amekufa. Misioni bila Padri Gilbert haikuwa nyumba yake tena. Shule ilimfundisha kusoma, haikumpa pahali pa kusimama.

Neno hilo linatugusa sisi tunaomaliza. Mwaka huu tutafanya egzamini ya Serikali, na Mungu akipenda tutapata diploma. Wengi hatutarudi kulima, na mjini hakuna anayetungoja. Heri mtu ajue mbele kwamba karatasi ni chombo tu, inaomba pia watu na kazi.

4. KANY NA BINETOU, DADA ZETU

Sasa vitabu viwili pamoja, maana jambo lao ni moja.

Sous l'orage kilitoka mwaka 1957. Mwandishi ni Seydou Badian wa Mali, muganga, aliyekuwa pia waziri, na ndiye aliyeandika maneno ya wimbo wa taifa wa Mali. Alifungwa miaka mingi baada ya mapinduzi ya mwaka 1968, akafa mwaka 2018. Kany ni msichana wa shule anayempenda Samou, mwanafunzi kama yeye. Baba yake, Benfa, ameamua kumtoa kwa Famagan, mfanya biashara mwenye wake wawili tayari. Ndugu wa baba walikaa wakakata shauri, Kany mwenyewe hakuulizwa.

Une si longue lettre kilitoka Dakar mwaka 1979. Mwandishi ni Mariama Bâ, mwalimu, aliyepata kwa kitabu hiki zawadi ya Noma mwaka 1980, akafa mwaka 1981. Ramatoulaye, mjane, anamwandikia rafiki yake Aïssatou katika siku za eda. Mume wake, Modou, baada ya miaka 25 ya ndoa na watoto 12, alioa Binetou, rafiki wa mtoto wao Daba. Binetou alikuwa anajitayarisha kwa mtihani wa mwisho wa shule, kama sisi. Mama yake alitaka kutoka katika umaskini, akamshika msichana kwa machozi hata akakubali. Modou akamtoa shuleni, akampa nyumba na motokari.

Hapa wavulana waliongea sana siku ya kwanza, wasichana wakanyamaza. Tunasema hivyo kwa sababu inafaa kila mtu afikiri juu yake. Siku ya pili tuliamua kwamba wasichana ndio waanze, na wavulana wasikate maneno. Haya ndiyo waliyosema.

Mmoja alisema Benfa si mtu mbaya. Anampenda mtoto wake. Anaona Famagan ni mtu mwenye kusali, mwenye feza, mwenye kusaidia wengine, basi mtoto hatakosa chakula. Hilo ndilo linalofanya mambo kuwa magumu: ni rahisi kumpinga mtu anayekuchukia, lakini utampinga namna gani anayefikiri anakuokoa?

Mwingine alisema kwamba watu wote wanamhurumia Ramatoulaye, lakini yeye anamhurumia Binetou zaidi, maana Ramatoulaye alikuwa na kazi ya ualimu na diploma yake, Binetou aliuzwa kabla hajapata hata moja. Modou alipokufa, Ramatoulaye aliweza kumkataa Tamsir, ndugu ya marehemu aliyekuja kumrizi kama mali. Binetou angeweza kusema nini? Alibaki mjane kijana, bila masomo.

Wa tatu hakusema juu ya kitabu. Alitaja kiti kimoja katika mwaka wa nne ambacho kiko wazi tangu mapumziko ya Pasaka. Sisi wote tunajua ni cha nani. Mwenzetu yule alikuwa wa pili katika darasa lake. Nyumbani wamekwisha kupokea mbuzi na feza, na wamesema shule imetosha. Hatutaji jina, wala kijiji, wala hatumtukani mzazi. Tunasema tu kwamba hatukuhitaji kufika Bamako ao Dakar kusudi tumwone Kany na Binetou. Tena sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza ndoa ya mtu asiyetimiza miaka 18. Wazazi wengi hawaijui. Sisi wenye kujua kusoma tuko na deni la kuwaelezea.

Lakini namna gani? Hapa kitabu cha Badian kilitusaidia. Birama, ndugu ya Kany, anawaka hasira na kutaka kuvunja kila kitu cha wazee. Katika kijiji walikotumwa anakutana na Tiéman, mtu wa kutunza wagonjwa, ambaye amesoma na ameona mambo ya wazungu. Tiéman anamfundisha kwamba si kila kitu cha zamani ni cha kutupa, wala si kila kitu cha Ulaya ni cha kuokota. Kijana awe na subira, aongee na wazee kwa njia wanayoweza kusikia. Mwisho wa kitabu baba analegea.

Wengine kati yetu walisema mwisho huu ni mtamu kupita kiasi, maana kwetu baba hawalegei upesi hivyo. Pengine ni kweli. Lakini tumeamua kuujaribu. Tumemwomba Bwana Prefe na mchungaji wa parokia wafike kwa wazazi wa mwenzetu, si kuwatisha na sheria mara moja, bali kukaa nao na kuwauliza kama msichana anaweza kumaliza kwanza miaka miwili inayobaki. Wamekubali kwenda. Kiti chake hatutakitoa.

5. NA KWETU KONGO?

Wadogo wameuliza: je, hakuna mtu wetu aliyeandika? Wako. Tutaje mmoja tu. Paul Lomami Tchibamba aliandika Ngando, hadisi iliyopata zawadi katika maonyesho ya kikoloni huko Bruxelles mwaka 1948, wakati ambapo wachache sana kati ya watu wetu waliandika vitabu. Ngando ni mamba kwa Lingala. Mtoto mmoja wa Kinshasa anakosa kwenda shuleni, anaenda kucheza mtoni, na mamba anamkamata. Hatuwaambii zaidi. Wenye kupenda kutoroka kipindi cha hesabu wakisome wao wa kwanza.

6. MASHAURI KWA WASOMAJI

a) Usisome na kalamu mbali. Andika katika kaye jina la kila mtu, yeye ni ndugu ya nani, anataka nini, anaogopa nini. Kwa kazi ya disertasio itakusaidia kuliko kukariri maneno ya mwalimu.

b) Usiseme tu «kitabu hiki ni kizuri». Sema ni pahali gani, ukurasa gani, na juu ya nini.

c) Ukimchukia mtu mmoja kitabuni, jaribu kumtetea kwa dakika tano mbele ya wenzako. Sisi tulimtetea Benfa, tukamtetea hata Bwana Smith. Ni kazi ngumu, lakini inafungua macho.

d) Usirukie ukurasa wa mwisho.

e) Rudisha kitabu. Nakala ni moja.

7. MAULIZO YA KUJIBU KATIKA VIKUNDI

1. Okonkwo aliogopa neno gani, na sisi katika internat yetu tunatumia neno gani kumtisha mwenzetu?

2. Bwana Brown na Bwana Smith walihubiri Injili moja. Tofauti yao ilikuwa katika nini?

3. Kama ungekuwa Toundi, ungekimbilia wapi? Jibu kwa kweli, si kwa ushujaa.

4. Benfa anampenda Kany, na mama ya Binetou anampenda Binetou. Ni nini kinachokosekana katika mapendo yao?

5. Muulize mzee mmoja wa kwenu alifanya kazi gani katika ujana wake, na ni nani aliyemwamuru. Andika ukurasa mmoja mzima, usiandike aya moja. Kurasa zilizo bora tutaziomba zipigwe katika namba ijayo ya gazeti hili.

Kwa walimu wetu tunarudilia ombi letu: kitabu cha Toundi kibaki katika maktaba, katika kabati ya madarasa ya juu. Mwenye kuona kwamba tumekosa katika hoja zetu, aje siku ya posho, saa tisa. Atapewa kiti na atasikilizwa hata mwisho.

Kwa niaba ya wasomaji wa mwaka wa sita,
Mkubwa wa wanafunzi